Kompyuta Tuliyoikemea Miezi Mitatu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Jamani, itikieni kama watu waliokunywa uji asubuhi. Bwana asifiwe tena! Haya, sasa nimewasikia.

Mchungaji amenipa dakika kumi. Mnanijua mimi Mama Kulwa, zitazidi. Wengi wenu mmekuwa nami katika jambo hili na mmeliombea mpaka sauti zikakauka, lakini leo tuna wageni kutoka Magu. Shemeji yangu yule pale, mwenye koti la kijivu. Kwa hiyo naanza mwanzo, wageni wasibaki wakiulizana.

Nilifanya kazi kiwanda cha kukamua mafuta ya pamba, hapa hapa Mwanza, tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Kazi yangu ilikuwa kushona magunia ya mashudu, yale makapi ya mbegu za pamba. Harufu yake iliniingia mpaka kwenye nywele. Hata siku ya harusi yangu mawifi walisema bibi harusi ananukia kiwanda, na walisema kweli.

Nilipoajiriwa, bibi yangu mzaa mama alifurahi, halafu akaogopa. Akasema kazi ya mshahara ina vijicho, watanifukuzisha. Akanipeleka Misungwi kwa mganga wake. Yule mganga akataka karatasi za kazi, ili aifunge kazi isinitoke. Nikampelekea barua ya ajira na kadi yangu ya akiba ya wafanyakazi, ile kadi ngumu yenye namba. Akavikunja pamoja na mizizi na kucha za mnyama nisiyemjua, akavishonea ndani ya mfuko wa ngozi ya mbuzi. Akaniambia nisiufungue hata siku moja. Ndugu zangu, mimi ni mtu mkaidi, ila hapo nilitii! Miaka kumi na minne ule mfuko ulining'inia nyuma ya mlango wangu. Nikasahau kabisa kilichokuwa ndani. Nilichokumbuka ni kuuogopa tu.

Mume wangu alifariki mapacha wetu, Kulwa na Doto, wakiwa na miaka mitatu. Niliwalea kwa mashudu yale yale. Kisha mambo yakabadilika nchini. Mafuta ya kutoka nje yakajaa madukani kwenye madumu ya njano, ya kwetu yakakosa wanunuzi. Kiwanda kikauzwa. Mwekezaji akaja, akazungukia mashine na nyumba za wafanyakazi, akapita mpaka mlangoni kwangu, na ule mfuko wa ngozi uko pale pale nyuma ya mlango. Haukumtikisa hata kidogo! Tulipunguzwa karibu wote, na nyumba tukaambiwa tuziache.

Nikabaki sina kazi, sina pa kulala. Rafiki yangu Zaituni, jirani wa siku nyingi, akanipa kona ya jiko lake kule Mirongo. Mungu ambariki, kuna siku alinipa hata mkeka wake wa kuswalia nitandike. Lakini kona ile haikutosha watu watatu. Wanangu nikawapeleka Magu kwa Shemeji. Naye ana watoto saba na mashamba ya mpunga yasiyomngoja mtu. Alinipokea vizuri, akaniambia bila kunificha, "Shemeji, watakula tunachokula. Ila mavuno yakiisha bado hujapata pa kuwalaza, itabidi wakae na ng'ombe kama wenzao. Shule sitaiweza." Hakusema kwa ubaya. Lakini nilirudi Mwanza nalia njia nzima.

Wiki ile ile nikaokoka. Haleluya! Nilikuwa napita uwanjani na beseni la karanga, nikasikia mahubiri, nikalitua beseni, sikulibeba tena mpaka jua lilipozama. Na kesho yake nikauleta ule mfuko uchomwe.

Sasa wageni wetu, hapa kwetu kuna utaratibu. Hatuchomi kitu kilichofungwa. Zamani walichoma furushi la mwindaji mmoja, kumbe lina baruti, na Mzee Masanja, katibu wetu, akakaa bila nyusi miezi miwili. Tangu hapo kila furushi linapasuliwa kwa wembe, na Mzee Masanja anaandika kitabuni kila kilichomo, kisha ndipo moto. Mzee wetu alikuwa mtunza ghala maisha yake yote. Huyu hata ukimletea yai ataandika lina ufa upande gani.

Basi akaupasua mfuko wangu. Mimi nilikuwa nimefumba macho, mikono juu, machozi na kamasi, simwoni mtu yeyote. Nikamsikia ananiuliza, ananiita mama kwa Kisukuma, "Mayu, humu mna karatasi na kadi. Na zenyewe?" Nikapiga kelele, "Vyote! Choma vyote!" Akaniuliza tena. Mnakumbuka nilivyojibu? Nilimwambia asimpe shetani nafasi! Mzee wa watu akaandika, akatia motoni. Nikacheza kuuzunguka ule moto mpaka kiatu kikakatika.

Baada ya hapo nikaenda ofisi ya akiba ya wafanyakazi kudai mafao yangu.

Ndugu zangu, mliokwenda ofisi ile mnajua. Foleni inaanzia ngazini inaishia kwa washona viatu. Tulikaa kwenye yale mabenchi mpaka tukajuana majina ya wajukuu. Kipindi kile ndipo walikuwa wameletewa kompyuta. Ilikaa chumba chake peke yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na makarani waliingia wamevua viatu. Sisi tulikuwa tunaichungulia dirishani kama mwali. Leo tunaambiwa umeme umekatika. Kesho umeme umerudi, kompyuta imegoma. Keshokutwa imekubali, ila mwenye kuijua amesafiri kwenda Dar es Salaam. Siku nyingine inaandika majina ya watu wa Shinyanga tu, sisi wa Mwanza haitutaki!

Hatimaye nikafika dirishani. Karani alikuwa binti mmoja mtaratibu, Felista. Akaingia chumbani pekupeku, akatafuta, akarudi. "Mama, jina lako halimo. Idara yenu ya mashudu yote haikuingizwa. Lakini usijali, wenzako tumewaingiza kwa namba ya kadi. Niletee kadi yako tu, leo hii tunamaliza."

Kadi! Nilisimama pale dirishani, nikaiona kadi yangu, nikauona mfuko wa ngozi, nikauona moto, nikajisikia mwenyewe ninavyopiga kelele, "Vyote!"  Nikamwambia Felista, "Nimeisahau nyumbani." Huo ndio uongo wa kwanza.

Jumapili ile mkaniuliza mambo yamefikia wapi. Ningesema nini? Niseme mimi niliyecheza kuuzunguka moto ndiye niliyejichomea mafao? Mimi niliyemwambia Mzee Masanja asimpe shetani nafasi? Niliona aibu, jamani. Nikawaambia kompyuta inakataa jina langu. Huo wa pili. Na ninyi, kwa upendo wenu, mkaanza kuikemea kompyuta!

Mnacheka. Siku ile hatukucheka. Kanisa zima liligeuka kuelekea mjini, mikono imenyooshwa, tukaamuru ile mashine iachilie jina la Mama Kulwa. Jumapili ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akina mama wakafunga Ijumaa. Mama Mchungaji akaenda kuizunguka ofisi, askari wa getini akamuuliza amepoteza nini. Miezi mitatu mliikemea kompyuta isiyo na kosa, na mwenye kosa amekaa benchi la pili anaitikia "amina" kwa sauti kubwa kuliko wote! Kule ofisini nikirudi namwambia Felista kadi bado naitafuta. Naye alinihurumia, akawa ananunua karanga zangu.

Mpunga ukaanza kuvunwa. Shemeji akatuma barua, ameandika kwa upole kwamba mavuno yanakwisha. Sikulala vizuri tangu niisome. Ndipo mwenzangu mmoja wa kiwandani akaniambia, yule mganga wa Misungwi sasa anafungua mpaka kompyuta. Wameshakwenda watu, eti wamelipwa. Nisamehe, Bwana! Jumamosi nikaoga, nikavaa kanga safi, nikaenda stendi kupanda basi la Misungwi. Niliiambia dhamiri yangu inyamaze kidogo, kuna watoto wawili wanaokaribia kuachishwa shule.

Mguu mmoja uko kwenye ngazi ya basi nikasikia mtu ananiita. Mzee Masanja! Anatoka sokoni na fungu la sato.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Safari ya wapi?"

"Naenda kumsalimia bibi." Huo sasa ni wa tatu, maana bibi yangu alishazikwa.

Akasema, "Msalimie sana. Mwambie asihuzunike, mimi na mke wangu hatujala mchana wiki hii yote, tunaiombea ile kompyuta."

Akaenda zake na samaki wake. Ndugu zangu, nilishindwa kupandisha mguu wa pili. Konda akapiga kelele, abiria wakanisonya, mimi nimesimama tu. Mzee wa miaka sabini hali mchana kwa ajili ya uongo wangu! Nikashuka. Nikaenda kukaa ukingoni mwa ziwa mpaka wavuvi wakaanza kuniuliza kama naumwa.

Kesho yake ndiyo Jumapili mnayoikumbuka. Mchungaji akasema tunyooshe mikono kuelekea mjini. Nikasimama nikasema, "Ishusheni. Kompyuta haina pepo. Kadi niliichoma mimi, hapo nje, mbele yenu wote, na nimewadanganya miezi mitatu." Nikaeleza yote, mpaka basi la Misungwi. Kisha nikakaa chini, kichwa magotini, nikasubiri mnitoe nje.

 Halafu nikasikia mtu anacheka. Mzee Masanja anacheka mpaka anashika nguzo! Akasema, "Mayu! Kwa hiyo ulichokuwa unakosa ni namba tu?" Akaingia ofisini kwake, akatoka na kile kitabu cha vitu vilivyochomwa. Akafungua, akavaa miwani, akasoma kwa ile sauti yake ya ghalani: "Mali ya Mama Kulwa. Mfuko wa ngozi ya mbuzi, mmoja. Mizizi, vipande saba. Kucha, tatu, moja imevunjika. Barua ya ajira, moja. Kadi ya akiba ya wafanyakazi, moja..." Na namba, ndugu zangu! Tarakimu zote, moja baada ya nyingine, na chini yake ameandika: "Mwenye mali ameulizwa mara mbili, amesema vyote."

Atakayesema hapa watu hawakuruka, hakuwepo! Akina mama walipiga vigelegele mpaka Zaituni, aliyekuwa akinisubiri nje tuondoke pamoja, akaingia ndani kuuliza nani kaolewa.

Jumatatu alfajiri tulikuwa ngazini, mimi na Mzee Masanja na kitabu chake kwapani. Felista akasoma ule ukurasa. Alijikaza, alijikaza, akashindwa, akalaza kichwa mezani akacheka mpaka machozi. Nikamuuliza, kitabu cha kanisa kitafaa kweli? Akajibu, "Mama, kitabu hakikulipi. Ila namba hii itanionyesha faili lako lilipo, na ndani yake kuna picha yako na dole gumba lako." Akatuma mtu ghalani. Faili likaja na vumbi lake. Picha ya msichana wa miaka kumi na tisa, shavu limejaa, anaangalia kamera kama anataka kugombana nayo. Felista akaniangalia, akaiangalia picha, akasema, "Ni wewe huyu. Macho ndiyo haya haya." Nikaweka dole gumba, likafanana.

Akavua viatu akaingia kwa kompyuta. Umeme ukakatika. Sikujali! Nilikaa pale benchini naimba, Mzee Masanja anaitikia, foleni nzima ikaanza kupiga makofi, wa dini hii na wa dini ile. Saa nane umeme ukarudi. Felista akatoa kichwa mlangoni, akasema maneno mawili tu: "Mama, umo."

Umo! Ndugu zangu, nimesikia maneno mengi matamu maishani, hata marehemu mume wangu alijua kuniambia, lakini sijasikia neno kama hilo.

Nimepanga vyumba viwili pale pale Mirongo, ukuta mmoja na Zaituni. Wiki iliyopita nikaenda Magu. Nilimkuta Shemeji ameshakata fimbo mbili za kuchungia, zimesimamishwa ukutani, hazijashikwa bado. Shemeji, asante. Hukulazimika kuzitumia, na hukuzitumia. Bwana asifiwe!

Wewe uliyekaa hapo nyuma, hujaja mbele hata siku moja, nakujua, nilikuwa kama wewe, na nilikuwa kama wewe hata baada ya kuokoka. Una kitu umekishonea ndani, unaona aibu kikifunguliwa utakufa. Hutakufa. Mimi nilikiri nikidhani natolewa nje, kumbe msaada wangu ulikuwa umeandikwa siku ile ile niliyokosea, umewekwa kwenye kabati la kanisa, unanisubiri niseme kweli. Mtegemee Mungu, uje. Mzee Masanja ana wembe na kitabu. Ila akikuuliza swali, tafadhali, fumbua macho ndipo umjibu.

Namaliza, Mchungaji, usiangalie saa. Mlikuwa mnaniuliza kwa nini kila Jumapili naikunja kanga yangu naiweka benchini pembeni yangu, mtu asikae. Nilikuwa nawawekea watu nafasi. Leo kanga nimejifunga kiunoni. Kulwa, Doto, simameni kanisa liwaone.