Vidonge vya Mguu wa Bwana

Naftaly: Haloo? Haloo! Ni wodi ya hospitali ya Kericho hapo? Nani anaongea?

Wanjuhi: Ni Wanjuhi. Naftaly? Mbona unapiga kelele kama uko mnadani Chebunyo?

Naftaly: Hujambo, dada. Niko ofisi ya meneja, ametoka kukagua chai. Ni Baba.

Wanjuhi: Sema.

Naftaly: Yuko hai, anatukana kila mtu. Lakini nimonia imezidi, na penisilini ya zahanati yangu hapa shambani imebaki kidogo. Lori la dawa limezama kwa tope hapa Silibwet.

Wanjuhi: Anakojoa?

Naftaly: Kama ng'ombe! Mama anashangilia, eti ugonjwa unatoka.

Wanjuhi: Ugonjwa wapi! Hiyo ni penisilini inatoka.

Naftaly: Ati namdunga sindano, yeye anaenda kuimwaga nyuma ya—

Wanjuhi: Sikiza! Penisilini ina chaji, ile ya hasi, kama kwa betri ya tochi. Haipenyi yenyewe utando wa seli za figo, lazima ibebwe. Kwa huo utando kuna wapagazi. Wanaitoa kwa damu, wanaitupa kwa mkojo.

Naftaly: Wapagazi wa nani?

Wanjuhi: Wa Baba. Wana bidii kumshinda.

Naftaly: [anacheka] Wafutwe kazi!

Wanjuhi: Wape mzigo mwingine. Kuna vidonge vya jongo, probenesidi, chaji yake ni hiyo hiyo. Wapagazi wakishughulika na hivyo, penisilini inabaki kwa damu. Jana nilimuuliza daktari, amekubali Baba apewe, lakini hapa vimekwisha. Meneja wenu si ana jongo la mguu?

Naftaly: Mguu umefura kama boga. Dada... chupa yake iko hapa mezani.

Wanjuhi: Usiguse!

Naftaly: Hakuna mtu ana—

Wanjuhi: Mkikuyu, mwaka huu wa Hali ya Hatari, na chupa ya mzungu mfukoni? Tutazika wawili. Mwombe.

Naftaly: Yule? Juzi alimchapa mpishi wake, Alexander, kwa sababu ya yai! Ngoja... nasikia fimbo. Anakuja. Jambo, Bwana! Ndiyo, Bwana, ni simu yako...

Wanjuhi: [laini inakwaruza] Anasemaje?

Naftaly: Anauliza nani amekufa.

Wanjuhi: Mwambie bado. Mwambie ndiyo maana unaomba.

Naftaly: Bwana, ni baba yangu, Zacheus, yule wa mashine ya kukausha chai. Vidonge vyako vya mguu... Dada, anauliza yeye leo atalalaje bila hivyo vidonge.

Wanjuhi: Mwambie macho. Kama sisi.

Naftaly: Nimwambie hivyo?

Wanjuhi: Hivyo hivyo.

Naftaly: Bwana, utalala macho. Kama sisi.

Wanjuhi: Naftaly? Naftaly!

Naftaly: Amenirushia chupa ya vidonge, nichukue.

Wanjuhi: Basi kimbia! Na mwambie Baba leo akojoe maji yake tu, dawa aache nda— [laini inakatika]