Nawoi Ereng, Nyota wa Shuka Nyeupe

Tarehe 30 Septemba 1998, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Bi. Nawoi Ereng anastaafu kutoka Kitengo cha Filamu za Afya hapa Lodwar. Sote tunamwita Mama Namuria, kwa jina la binti yake. Aliajiriwa kufagia. Anaondoka akiwa ameonekana katika filamu thelathini na moja, na kuanzia Lokiriama hadi Lokichoggio ni vigumu kumpata mtoto asiyeujua uso wake. Mimi Lotiir, mshika kamera, nimemtazama kwa jicho moja kwa miaka ishirini na miwili, ndiyo maana nimepewa kazi ya kuandika haya. Nikitia chumvi kupita kiasi atanisahihisha mwenyewe mbele ya wageni, maana hajawahi kunionea haya.

Mwaka 1973 aliletwa mwigizaji kutoka Nairobi kwa ajili ya filamu ya usafi wa maziwa. Alitakiwa kukamua ngamia. Ngamia alikataa, na mwigizaji akakataa zaidi. Nawoi aliweka ufagio chini, akasimama kwa mguu mmoja, chombo juu ya goti, akakamua huku akimwimbia mnyama. Kamera ilichukua mikono tu. Kwa hiyo nyota wetu aliingia kwenye sinema mikono kwanza, na uso ukafuata mwaka mmoja baadaye.

Tangu hapo amekuwa mkunga, mwenye duka, mganga wa kienyeji, mlevi, muuguzi, na bibi harusi akiwa na miaka arobaini kamili. Amekuwa hata chifu. Mwaka 1984 chifu aliyetuahidi kuigiza alienda zake mkutanoni, Mama Namuria akavaa koti na kofia, akakunja uso, akatoa amri. Wazee wa Lokori walipoiona filamu hiyo walisema ni afadhali huyu kuliko waliye naye. Amekuwa maiti pia. Alilala chini ya blanketi kwenye jua la saa saba, nzi akaingia puani, na maiti akapiga chafya. Kipande hicho hatukukitupa. Kila Desemba tunakitazama ofisini mlango ukiwa umefungwa, naye hucheka kutushinda sote.

Lakini asiyemfahamu asidhani ni mtu wa vichekesho tu. Mwaka 1979 tulikuwa na mwongozaji mgeni, kijana msomi, aliyetaka kupiga picha za mama aliyefiwa. Alimpanga Mama Namuria akiwa na shanga zote shingoni kwa sababu rangi zilimpendeza. Mama Namuria alimwambia wazi: "Huyu mama amefiwa na bado amevaa shanga? Watu ya Lokori watacheka sisi." Hakusikilizwa. Tulipoionyesha Lokori hakuna aliyecheka, na ingekuwa heri wangecheka. Akina mama walisimama, mmoja akasema mwanamke yule hamlilii mtoto, basi bila shaka yeye ndiye aliyemuua, na wote wakaondoka. Filamu ilirudiwa upya. Tangu siku ile hakuna hadithi iliyopigwa picha kabla ya kusomewa Mama Namuria, ambaye hajui kusoma. Nilikuwa namsomea chini ya ukuta wa stoo, naye anasema, "Huyu hawezi sema hivyo. Futa." Nami nilifuta, hata yale niliyoyatunga kwa jasho langu.

Kuna hadithi moja ambayo hakuitaka kabisa. Iliandikwa mwaka 1986, kuhusu mama anayemficha mtoto wake nyuma ya zizi la mbuzi wakati wauguzi wa chanjo wanapopita. Nilipomsomea alisimama kabla sijamaliza. Tulimwomba mara tatu katika miaka mitano. Mara ya mwisho alisema, "Hiyo mpe mwingine. Mimi nitafagia," na kweli alichukua ufagio. Tulimpa mwalimu mmoja, mama mzuri wa watu, lakini alificha mtoto kama mtu anayecheza kibemasa, mchezo wa kujifichana. Filamu ile haikumgusa yeyote. Nami nikiri kwamba nilimkasirikia Mama Namuria kwa muda mrefu, nikidhani ni maringo ya nyota.

Mwanzoni mwa mwaka jana surua iliingia katika kambi ya Kakuma. Chanjo ilikuwepo, wauguzi walikuwepo, watoto ndio hawakuletwa. Amou, mkalimani wetu kutoka Sudan, alitujia na sababu. Watoto wengi walifika kambini baada ya jamaa zao kuandikishwa, na majina yao hayakuwa kwenye kadi za mgao wa chakula. Mama zao walidhani meza ya chanjo ni meza ya kuhesabu watu, na kwamba atakayekutwa na mtoto wa ziada atanyang'anywa kadi. Basi waliwaficha nyuma ya magunia. Watoto sita walikuwa wameshazikwa juma hilo.

Mama Namuria alisikiliza hayo akiwa ameshika kikombe cha chai. Hakuinywa. Aliniambia, "Lotiir, lete ile karatasi."

Tulipiga picha kesho yake, nje kidogo ya mji wa Kakuma. Kabla sijawasha kamera alitueleza jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelijua. Mwaka 1967, kule Lokori, lori la chanjo ya ndui lilifika bomani kwao. Mama mkwe wake alikuwa amemwambia kwamba watoto wakihesabiwa na wageni, mabaya huja. Alikuwa na mtoto mmoja, Ekiru, wa miaka miwili. Alimlaza nyuma ya zizi, akamfunika ngozi. Muuguzi alipomuuliza ana watoto wangapi, alisema hana. "Lori ikaenda," alituambia. "Mimi nikafurahi. Nilidhani nimeshinda." Ndui ilimchukua Ekiru mwezi uliofuata. Miaka miwili baadaye Nawoi alitembea hadi Lodwar kuomba kazi, kazi yoyote, mradi iwe ofisi ya afya.

Nililia, na sioni sababu ya kuficha. Kisha akasema, "Washa. Mara moja tu."

Ilikuwa mara moja tu. Katika filamu ile muuguzi anauliza, "Mama, una watoto wangapi?" Mama Namuria anamtazama, anatabasamu kwa adabu, anasema, "Sina." Nyuma yake, zizini, mtoto anakohoa. Hayo tu. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sijawahi kupiga picha nyingine inayoikaribia.

Tuliionyesha alasiri ndani ya banda la mgao, mablanketi yakiwa madirishani na jenereta ikipiga kelele nje. Amou alitafsiri kwa Kidinka kupitia kipaza sauti. Alipofika kwenye "Sina," alishindwa kuendelea. Hapo Mama Namuria akasimama mbele ya shuka tunayoonyeshea filamu, akasema kwa Kiswahili chake cha soko: "Huyo ni mimi. Hiyo si mchezo. Leteni watoto, hakuna mtu anaandika kadi." Amou alitafsiri hilo huku akifuta machozi.

Asubuhi foleni ilizunguka banda mara mbili, na Mama Namuria alikuwa mezani tangu alfajiri akiwashika watoto mikono. Mama mmoja aitwaye Nyamal alifika na wanawe. Muuguzi alimuuliza ana wangapi. Akajibu kwa Kiarabu cha Juba, "Talata," yaani watatu. Kisha akainua macho, akamwona Mama Namuria. "La," akasema. "Arba." Akageuka, akakimbia hadi nyumbani, akarudi amembeba wa nne. Kufikia Ijumaa watoto zaidi ya elfu mbili walikuwa wamechanjwa, na kabla ya mwezi kwisha makaburi mapya yalikoma. Kama kuna tuzo kubwa kuliko hiyo kwa mwigizaji, mimi sijaisikia.

Mama, kwa niaba ya wenzako wote, ahsante. Ahsante kwa ufagio, kwa ngamia, kwa chafya, na kwa kila neno ulilonifutia.

Juma lililopita aliniita nimsaidie kujaza fomu ya kustaafu. Tulifika kwenye swali la watoto. Faili lake la miaka yote linasema wawili, nami nikaanza kuandika hivyo hivyo. Akanishika mkono. "Watatu," akasema. "Anza na mkubwa." Nimeliandika jina hilo juu, kabla ya Namuria, kwa herufi kubwa.

Nenda ukapumzike Lokori, mbuzi wako wazae mapacha, na siku zako ziwe nyingi na njema, Mama Ekiru.