Mlilaki Usiovuka Uzio

Ndugu waombolezaji, mimi ni Dzidra, binti mkubwa, na familia imenikabidhi jukumu la kuwasomea maisha ya mama yetu, Skaidrīte Zvirbule.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1938, katika shamba la Lejnieki, karibu na Vecpiebalga, akaanza shule kijijini hapo, lakini Machi 1949 yeye na wazazi wake walipakiwa kwa nguvu na askari kwenye garimoshi la kwenda uhamishoni Siberia, akamalizia masomo huko, kwa lugha isiyo yake, na aliporudi mwaka 1957 hakukuta nyumba, pote palikuwa pamelimwa, isipokuwa mlilaki wa bibi, kile kichaka cha maua ya zambarau yenye harufu nzuri, uliokuwa mlangoni, ambao kwa kukosa mtu wa kuudhibiti ulikuwa umesambaza machipukizi mpaka palipokuwa jikoni.

Aliajiriwa posta hapa Cēsis, akapanga barua kwa miaka thelathini na minne, na tarehe 9 Juni 1962 alifunga ndoa na baba yetu, Gunārs, mwashi, ambaye mama alimwomba zawadi moja tu, ampeleke Lejnieki akachimbe chipukizi moja la kupanda bustanini kwao.

Mimi nilizaliwa mwaka 1964, Valdis mwaka 1967, na mlilaki ukazaa kutushinda sote, hata Mei 1988 jirani yetu, Bwana Arvīds, akayakuta machipukizi kwenye viazi vyake, akapaza sauti mtaa mzima ukasikia: "Wewe Skaidrīte, ng'oa huo mti, la sivyo nauchoma!"

Mama alimjibu, "Hautavuka tena, na ukivuka, kiberiti nakuletea mwenyewe," akachimba mtaro kando ya uzio, akazika mabati ya paa kuukuu, na tangu hapo kila Jumamosi ya majira ya kuchipua alipiga magoti, akafukua udongo, akanyofoa kila chipukizi kwa mkono, kutoka mzizini.

Septemba 2017 alipatwa na kiharusi, kazi ikaniangukia mimi, nami, naungama mbele yenu, nilikata kwa mkasi juu juu nikimbilie basi la Riga, na penye moja yakatoka matatu, hata mwezi uliopita saba yakapenya chini ya bati.

Kila asubuhi mama aliuliza dirishani, "Hayajavuka?" na Bwana Arvīds, mwenye miaka themanini na mbili, alijibu, "Hata moja, jirani," huku magoti yake yakiwa na udongo.

Mama alifariki tarehe 27 Mei 2019, dirisha likiwa wazi, mlilaki ukiwa umechanua, akiwa ametukataza kuupanda kaburini, asije akawaudhi majirani wapya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa posta, na majirani wote, hasa Bwana Arvīds, ambaye jana aliniita uani kwake, akanionyesha mashimo sita, na chipukizi la saba ambalo hakuling'oa, amelichomekea kijiti lisimame.

Mama, pumzika kwa amani, umevuka, na kiberiti hakuna aliyekiulizia.