Komeo, Golikipa Aliyekataa Kuuza Mechi

Marehemu, ambaye nyote mlizoea kumwita Komeo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1979 katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha saruji, chumba cha mwisho karibu na bomba. Mikono yake ilikuwa mikubwa hata mkunga akacheka, akamwambia mama yake, “Huyu umemzaa na glavu.”

Alisoma shule ya msingi ya kiwandani, akamaliza mwaka 1993. Hesabu hakuzipenda, na hilo halifichwi. Lakini nyumbani kikombe kikiteleza mezani alikidaka kabla hakijagusa chini. Miaka yote aliyokaa kwa mama yake kilivunjika kikombe kimoja tu, na aliyekivunja ni mama.

Mwaka 1998 aliingia klabu yetu kama golikipa, akalinda lango hadi tarehe 14 Mei 2011, siku ya nusu fainali. Siku hiyo mwenyekiti wa klabu alishuka chumba cha kubadilishia nguo, akawatoa wachezaji wengine nje. Hakujua kwamba mtunza jezi yumo chooni, anasikia.

“Komeo mwanangu, leo usijichoshe,” mwenyekiti alisema. “Kipindi cha pili acha mbili zipite. Wakubwa wameshabeti, na fungu lako lipo.”

Marehemu alikuwa anafunga viatu. Akamjibu, “Mwenyekiti, glavu hizi hapa. Kadake wewe.”

Haukupita mpira hata mmoja, penalti ikiwemo. Wiki chache baadaye mwenyekiti akamshtaki kwamba yeye ndiye muuza mechi. Mkuu wa kamati ya nidhamu alikuwa shemeji yake mwenyekiti. Mtunza jezi alikwenda kutoa ushahidi, akazuiwa mlangoni eti hana mwaliko. Aliyeshtaki na aliyehukumu waliondoka kwa gari moja. Komeo akafungiwa maisha. Mtunza jezi yupo hapa leo, na amekubali haya yasomwe mbele yenu.

Marehemu alikuwa amefunga ndoa tarehe 2 Agosti 2003. Mkewe ni fundi cherehani, ndiye aliyekuwa akimshonea glavu zikichanika, na walijaliwa mabinti wawili. Alipofungiwa, marehemu alijifunza kuchomelea mageti, akailisha nyumba yake. Wahuni wakimpigia kelele, “Komeo, leo bei gani?”, yeye alipita kimya. Mkewe hakupita kimya, alitoka na mkasi mkononi.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua. Familia ilikwenda klabuni kuuliza ule mfuko wa matibabu aliokatiwa mshahara miaka yote, ikaambiwa hakuna mfuko, na aliyesema hivyo hakuona haya. Wodini marehemu alimshika mama yake mkono, akamwambia, “Mama, nikifa usigombane na watu.” Mama akamjibu, “Wewe lala. Hayo ya watu niachie mimi.” Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi.

Juzi mwenyekiti alikuja nyumbani na bendera ya kufunika jeneza, pamoja na wasifu uliokwisha chapwa ofisini kwake. Mjane alipousoma kwa sauti, ulisema marehemu “alistaafu soka kwa heshima mwaka 2011”.

“Alistaafu nani?” mama yake marehemu akauliza.

“Mama, msibani tusifukue ya zamani,” mwenyekiti akasema.

“Msibani ndipo mnapokaa wote mkanyamaza. Nikawasubiri wapi tena?”

Bendera alirudi nayo. Wasifu wake ulitumika kuwashia jiko la chai ya waombolezaji.

Marehemu ameacha mama, mjane, dada mmoja na mabinti wawili. Ameacha na hukumu ambayo mpaka leo haijafutwa. Wanachama, Jumapili mnapiga kura, na mwenyekiti anagombea tena. Amekaa hapo mbele na suti yake nyeusi, mtazameni vizuri. Mama yake marehemu hana kadi ya klabu. Kadi mnazo nyinyi.

Komeo apumzike kwa amani. Mwenyekiti yeye asipumzike.