Mwalimu Onchiri na Amplifaya Asiyoiamini

Mwalimu Alfayo Onchiri anastaafu tarehe 31 Agosti 1979, baada ya kufundisha muziki katika chuo chetu kwa miaka ishirini na mitatu. Aliingia hapa mwaka 1956 akiwa kiongozi wa kwaya mwenye koti moja na mashaka mengi. Koti amelibadilisha mara kadhaa. Mashaka anaondoka nayo yakiwa mazima kabisa.

Wanafunzi wake waliotawanyika katika shule za Kisii na Nyamira watamkumbuka kwa swali moja: "Nani amesema?" Ukimwambia kwamba wimbo fulani ni wa furaha, atakuuliza nani amesema. Katika mtihani wa uimbaji alikaa akiwa ameipa kwaya mgongo, kwa madai kwamba nyuso za watahiniwa humdanganya msikilizaji. Hata kengele ya chuo hakuiamini. Aliifuata kwa saa yake ya mkononi, kisha akaishuku saa pia. Nimekuwa jirani yake katika nyumba za walimu kwa miaka kumi, na bado siwezi kusema kwa hakika kama tabia hii ni hekima au ni ugonjwa mdogo usio na madhara. Labda ni vyote viwili.

Kazi yake kubwa aliifanya nje ya darasa. Kati ya mwaka 1962 na 1966 alizunguka Kenyenya, Suneka na vilima vya Nyamira akiwa na mashine ya kurekodi iliyotumia betri, akiwarekodi wachezaji wa obokano, zeze letu kubwa la nyuzi nane. Haikuwa kazi nyepesi kwa Msabato kama yeye. Obokano ilizoeleka penye pombe, na wazee wa kanisa walimtazama kwa jicho la pembeni kila alipopita na mzigo wake. Wachezaji nao walidhani ametumwa na kanisa kuwapeleleza. Kwa hiyo alishukiwa na pande zote mbili, na nadhani hali hiyo ilimpendeza kidogo.

Mwaka 1974 kanda hizo zilikaribia kupotea. Kanda mpya zilikuwa adimu, na kwaya zilihitaji za kurekodia kwa ajili ya tamasha. Mkuu wa idara wakati huo, Bwana Ondieki, alizisikiliza kanda za Mwalimu kwenye mtambo wa chuo akaona zina mkwaruzo kutoka mwanzo hadi mwisho. Aliamini zimeharibika na akapendekeza zifutwe. Nisingependa alaumiwe. Wengi wetu tulilelewa katika shule za bweni kwa kinanda cha kanisa, na tulikuwa tumesahau, kama tuliwahi kujua, kwamba mkwaruzo ule huwekwa na mchezaji mwenyewe kwa makusudi. Mwalimu alipotueleza hivyo, Ondieki alimrudishia swali lake mwenyewe: "Nani amesema?"

Mwalimu hakukasirika. Alikiri kwamba hata yeye hawezi kuapa ni kiasi gani cha mkwaruzo ule ni cha obokano na ni kiasi gani ni cha mtambo wa chuo. Aliomba muda azisikilize nyumbani.

Huko nyumbani alikuwa na spika mbili za ajabu, alizoachiwa na daktari Mwingereza aliyerejea kwao. Zilikuwa bapa kama milango ya kabati. Ndani hazikuwa na bakuli la karatasi kama spika nyingine, bali ngozi ya plastiki, nyembamba kuliko ganda la kitunguu, iliyotiwa umeme na kutikisika kati ya mabati mawili yenye matundu. Wageni walizidhania kuwa hita; mwezi wa Julai nimemwona mchungaji mzima akizinyooshea viganja. Kasoro ilikuwa moja: daktari aliondoka na amplifaya yake, yaani mtambo wa kuzipa nguvu, nazo spika za aina hii huchagua sana. Nguvu ikizidi, cheche huitoboa ile ngozi. Ikipungua, hunong'ona tu. Na hapa Kisii hakuna mtu ambaye angeweza kuibadilisha ngozi hiyo.

Muuza redio mmoja mjini alimwazima amplifaya mpya ya transista. "Mwalimu," alimwambia, "hii hata Suneka watasikia." Mwalimu akamjibu kwamba Suneka hawajaomba kusikia. Aliposikia habari za cheche, muuzaji alifunga kizuizi cha umeme kwenye nyaya za kwenda kwenye spika ili kuzilinda. Tulialikwa kusikiliza. Sauti ilitoka laini, safi, bila mkwaruzo hata mmoja. Tulipiga makofi. Ondieki alifurahi kuliko wote, akatoa pendekezo jipya: nyimbo zote zinakiliwe kupitia mtambo huu uliosafisha sauti, zibanwe katika kanda chache, kisha kanda za asili zifutwe.

Mwalimu peke yake hakupiga makofi. "Hii obokano imepelekwa bweni," alisema. "Imerudi na adabu za watu wengine."

Alishuku kwamba kizuizi kile, pamoja na kulinda, kilikuwa kinazimeza sauti za juu ambamo mkwaruzo hukaa. Lakini kushuku si kuthibitisha, na wenzake walikuwa wameshaipenda ile sauti laini. Ndipo alipofanya jambo ambalo sijasikia mnunuzi mwingine yeyote wa amplifaya akilifanya. Alikataa kupima mitambo kwa santuri za Ulaya, kwa sababu hakuna miongoni mwetu aliyewahi kukaa chumba kimoja na waimbaji wake. Alimwita Makori, mchezaji kutoka upande wa Nyamira ambaye marehemu baba yake yumo katika kanda zile, aje na obokano yake Jumapili alasiri. Akamrekodi palepale sebuleni.

Kando ya ile ya muuzaji, aliweka amplifaya ya zamani ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka kama taa, iliyokuwa imelala katika bohari ya chuo hadi fundi wetu Benard Odero alipoifufua. Ilikuwa na wati chache, zisizoweza kuitoboa ngozi ya spika, kwa hiyo haikuhitaji kizuizi chochote. Ilichukua muda kuamka, kisha ikapata moto. Ondieki alisema angalau sasa kuna kitu sebuleni ambacho mchungaji anaweza kuota moto wake.

Ilipigwa kwanza ile ya transista. Kutoka jikoni, mlango ukiwa wazi na mgongo wake ukituelekea, Mama Mong'ina, mke wa Mwalimu, aliuliza nani amefungulia redio. Ikafuata ya valvu. Mkwaruzo ukajaa chumbani, mnene, kama mtu anayenguruma huku akicheka. Tukamsikia Mama Mong'ina akiita bila kugeuka: "Makori, pumzisha vidole, chai inapoa."

"Nimeshaiona, mama," akajibu Makori, aliyekuwa nyuma yake kwenye mlango wa uani akinawa mikono.

Ondieki alicheka mpaka akavua miwani. Mwalimu hakucheka. Alimshuku mkewe kwamba alitaka kumsaidia, akaomba jaribio lirudiwe Jumapili iliyofuata. Mama Mong'ina alisema hapiki chai ya mtihani. Hadi leo hajathibitisha wala kukanusha, nami nimekuwa nikijiuliza miaka hii mitano kama uamuzi wetu ulisimama juu ya masikio yake au juu ya ndoa yake.

Lakini lilitokea moja zaidi. Kabla ya kuondoka, Makori aliomba kumsikia baba yake, na Mwalimu akaiweka kanda ya mwaka 1963 kwenye amplifaya ileile ya valvu. Makori alisikiliza ameinamisha kichwa. "Huyo ni baba," alisema, "na siku hiyo alikuwa amekasirika. Sikilizeni anavyovuta." Kisha akaomba irudiwe. Ondieki hakutamka tena neno kufuta. Kanda zote zipo maktabani.

Amplifaya ile ilibaki kwa Mwalimu. Hajawahi kusema kwamba ni nzuri. Husema tu kwamba bado hajaikamata ikidanganya, na kila mwaka humwita Makori aijaribu upya.

Sasa anahamia nyumbani kwake Suneka, ambako nguzo za umeme hazijafika. Ametuachia spika, amplifaya na sharti moja: tusiviamini kamwe bila mchezaji aliye hai kukaa kando yake. Katika sherehe ya kumuaga, Makori atakaa nyuma ya pazia pamoja na mtambo huo, nasi tutaambiwa tuseme ni kipi kinacholia. Sina hakika kwamba nitajua. Mwalimu ameshatangaza kwamba atayashuku majibu yetu yote.

Asante, Mwalimu Onchiri, kwa sauti ulizozizuia zisifutwe. Tunakuombea wewe na Mama Mong'ina afya, mvua ya kutosha na majirani wavumilivu. Na ukiwa huko Suneka ukaanza kushuku kwamba hatukukumbuki, usikubali kuambiwa na mtu. Njoo usikilize mwenyewe.