Mkono wa Laini Kabla ya Jumatatu

Benchi letu liko mbele ya duka la fundi cherehani, pale mtaa unapokata kona na kivuli cha ghorofa la jirani huanza kufika saa tisa. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, na wanaoukalia ni wale wale kila siku. Yupo fundi cherehani mwenyewe, tunayemwita Futi kwa sababu utepe wa kupimia haumtoki shingoni hata akiwa anakula. Yupo Antena, anayefufua redio na feni kwenye kibanda cha pili. Nipo mimi, ninayejalidi vitabu chumba cha nyuma. Na yupo Dada Birika, anayetuuzia kahawa na kumkumbusha kila mtu alichosema juzi. Jumamosi hiyo alikuja Laini, mpiga plasta, aliyemwoa mdogo wake Futi. Jina hilo alipewa na kuta zake: ukizipapasa, utadhani umegusa sahani. Alikaa mwisho wa benchi, akaulaza mwiko wake magotini, maana fundi anayejipenda haachi mwiko wake kazini.

— Mkono unanimaliza, alisema. Na Jumatatu tunaanza dari ya ukumbi. Msimamizi ameniambia waziwazi, nisipoiweza dari nishuke chini nikakoroge saruji.

— Kwani kukoroga si kazi? aliuliza Dada Birika.

— Ni kazi, dada. Tena ngumu. Ila miaka ishirini na mbili nimezoea kumaliza, kurudi nyuma hatua tatu, na kutazama nilichofanya. Mkorogaji anatazama nini? Karai tupu.

Futi akasogea.

— Leta mkono wa mwiko.

— Shemeji, mimi nilitaka kusema kwamba...

— Leta mkono kwanza. Maneno utaniletea baadaye.

Futi ni kaka wa mkewe, na Laini ni mtu wa adabu. Akanyoosha mkono wa kulia. Futi akaulaza juu ya gazeti, akauzungushia chaki yake ya vitambaa kidole kwa kidole, akaupima upana wa kiganja, akaupima tena, kisha akaupima mpini wa mwiko na kutikisa kichwa kama daktari.

— Mmeona? Mpini mwembamba kama kalamu, kiganja kipana kama mkate. Ugonjwa uko hapa. Anayechonga mipini hajamwona anayekwenda kuishika. Mimi nikikata suruali bila kumwona mvaaji, mtaniita fundi?

— Tunakuita fundi hata ukimwona, alisema Antena, na suruali inaishia hapa. Akagusa goti.

— Wewe ulirefuka baada ya kupimwa.

— Nina miaka hamsini na moja, Futi.

Futi akainuka. Aliingia ndani, mashine ikanguruma dakika kumi, akatoka na kijifuko cha kitambaa cha jinzi kilichojazwa sponji, chenye kifungo ubavuni. Akauvika mpini.

— Kifungo cha nini? niliuliza.

— Si lazima kifuliwe?

Laini aliushika mwiko wake, akaugeuza huku na huku. Ulionekana kama umevaa sweta.

— Unausikiaje?

— Umenenepa, shemeji. Ni kazi nzuri. Lakini hata kabla ya hapo haukuwa...

— Mnanenepesha mpini wakati shida ni nguvu! alidakia Antena, na tayari alikuwa amesimama. Sikilizeni. Nachukua injini ndogo ya feni ya mezani, naifunga mgongoni mwa mwiko. Inatetemeka. Plasta inajilaza yenyewe, kama mtoto anayebembelezwa. Betri inakaa kiunoni.

— Na waya?

— Unapita ndani ya mkono wa shati.

— Shati nitashona mimi, alisema Futi.

— Nani amekunyima?

— Antena, alisema Dada Birika kwa upole, feni yangu ulipoirudisha, nikiiwasha inatembea. Inaanzia katikati ya meza inakwenda mpaka ukingoni. Nimeifunga kamba.

— Inatembea kwa sababu ina afya.

— Sasa huyu ukimfunga injini juu ya jukwaa, na kamba umfunge wapi?

Laini alicheka mpaka akapangusa jicho kwa bega.

— Injini si mbaya, kaka, ila mimi ninachotaka kusema...

— Sijamaliza! Kuna kofia. Kofia ya chuma, na juu yake mkono wa springi, kama ule wa taa ya kusomea. Springi ndiyo inaushikilia mwiko juu. Wewe unauelekeza tu kwa kidole.

— Na nikikohoa?

Antena aliliwaza hilo kwa uzito wote.

— Usikohoe mpaka dari ikauke.

Dada Birika alimimina kahawa kwenye vikombe vyote vinne bila kudondosha hata tone, akabaki ameliinua birika hewani ili tulione vizuri.

— Tatizo lenu mnaufanya mwiko kijiko. Unachota, unapeleka, unarudi kuchota. Mkono usichoke kwa nini? Mimi nahudumia watu sitini kwa siku na sichoti. Namimina. Mwiko uwe na tumbo, uwe na mdomo. Unajaza mara moja, unamimina mpaka unamaliza chumba.

— Kwenye dari? aliuliza Futi. Utamimina kwenda juu?

— Hapo ndipo nawaachia nyinyi wanaume mfikiri. Siwezi kufanya kila kitu peke yangu.

Ningependa kuandika kwamba mimi nilikaa kimya. Sikukaa. Niliwaonyesha kile kisu changu cha mfupa ninachokunjia karatasi, nikaeleza kwamba pembe za mwiko zingekuwa za mviringo kama zake, na mpini ukasogezwa mbele kidogo, uzito ungegawanyika. Niliongeza kwamba kipo kitabu kizima kuhusu vifaa vya mkono kinachosema hivyohivyo.

— Umekisoma? aliuliza Antena.

— Nimekijalidi.

Wakati huo alifika mama mmoja, mgeni kwetu, mtoto amelala mgongoni kwenye kanga iliyofungwa barabara, mkononi ana begi ambalo zipu yake ilikuwa imekufa. Futi alimwambia asubiri kidogo. Kidogo cha Futi sisi tunakijua. Yeye hakukijua, akanunua kahawa, akasimama pembeni anaisikiliza kesi yetu huku akijitikisa taratibu ili mtoto asiamke.

Kesi ilikuwa imekwishaacha njia. Futi alipendekeza plasta ishonwe kiwandani kama pazia, iletwe imeviringishwa, itundikwe. Antena akamwambia hayo ni mawazo ya mtu anayeogopa dari.

— Kwani ni nani aliyesema dari lazima ipigwe plasta ikiwa juu? Ukumbi ujengwe kichwa chini. Dari iwe sakafu. Laini anaingia na viatu vyake, anapiga magoti, anafanya kazi yake, anakunywa na kahawa. Ikikauka, ukumbi unapinduliwa.

— Unapinduliwa na nani?

— Na msimamizi. Si ndiye hodari wa kuwaambia watu washuke?

Tulicheka, na Laini alicheka kutushinda. Kisha kicheko chake kikaisha kabla ya chetu. Futi aliliona hilo, akaacha kuzungusha utepe kidoleni.

— Shemeji, mdogo wangu alipita hapa jana. Anasema siku hizi yeye ndiye anayekufunga vifungo vya shati.

— Ananifunga, ndiyo.

— Hakusema kwa kulalamika.

— Najua. Ananifunga huku anaimba, kusudi nisione haya. Hiyo ndiyo inaniuma kuliko mkono.

Nimewaza baadaye kwamba ile fujo yetu ya springi na injini haikuwa dharau hata chembe. Mtu unayempenda akikuonyesha mahali panapomuuma na huna dawa, mdomo huanza kufanya kazi wenyewe. Tulikuwa tunampa tulichonacho: mmoja uzi, mmoja waya, mwingine kahawa.

— Samahani, kaka, alisema yule mama. Ni mkono upi unaouma?

Tulimtazama yeye, kisha tukamtazama Laini. Futi alifumbua mdomo ajibu, akaliangalia lile gazeti lenye alama za chaki, akaufumba. Antena alianza kukagua kucha zake. Saa nzima tulikuwa tumeutibu mkono, na kati yetu wanne hapakuwa na mmoja anayejua ni upi.

Laini akainua wa kushoto. Kifundo kilikuwa kimevimba, na vidole vilikunjika nusu tu, vikakataa kuendelea.

— Huu.

— Wa kushoto? Futi alikaribia kusimama. Na hukusema?

— Nilikuwa nakuja hapo, shemeji.

— Nimekupima mkono usiouma, nimekukatia na sponji!

— Uliomba mkono wa mwiko. Mwiko naushika kwa kulia. Mwiko hauna kosa lolote, tuko nao miaka kumi na tatu hatujagombana.

Akamgeukia yule mama na kumweleza taratibu, kama mtu aliyepata nafasi ya kukaa baada ya kusimama siku nzima. Mpiga plasta ana vifaa viwili. Kulia mwiko, na kushoto kibao cha mraba chenye kishikio chini yake, ambacho juu yake hurundikwa plasta ya kuchota. Kwenye ukuta unaweza kukiegesha kibao tumboni ukapumua. Kwenye dari huwezi. Lazima kikae usawa wa kidevu, kimejaa, kizito kama ndoo, tangu asubuhi mpaka mchana, na vidole vya kushoto havipati ruhusa ya kuachia hata mara moja.

Mama alisikiliza yote. Mtoto alijigeuza, naye akainama kidogo, akamsogeza juu kwa kutikisa nyonga, kikombe na begi vikiwa bado mikononi mwake.

— Sasa kwa nini ukibebe mkononi?

Antena alianza: — Kile kibao, unajua, dada... Akaishia hapo. Dada Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha Futi, akakuta limekauka, akaliweka chini.

— Kwa sababu... alisema Laini.

Pikipiki ilipita, ikapotelea konani, naye akaugeuza mwiko magotini.

— Fundi aliyenifundisha alikuwa anakibeba mkononi.

— Na yeye kwa nini? aliuliza mama. Alikuwa anauliza tu, hakuwa anamshinda mtu.

Laini aliutazama mkono wake wa kushoto, akatikisa kichwa. Futi akautoa utepe shingoni.

— Simama, shemeji. Geuka.

Laini akasimama, akatugeuzia mgongo. Futi akaweka ncha ya utepe begani kwake, akauteremsha kwa kukata mgongo mpaka nyongani, akasita, akaurudisha juu.

— Mkanda wa kubebea kibao ukipita hapa, utakuumiza?

— Hapo hapana.

— Na hapa je? aliuliza Futi, na akangoja jibu.