Faili ya Baba Haimo Sebuleni

Zuhair: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

Shamim: Asalaam aleikum kwanza.

Zuhair: Waaleikum salaam, Dada Shamim.

Shamim: Kumbe sauti yangu hujaisahau. Hii simu ya Adyero, mke wa afande hapa jirani. Yangu huipokei, imekuita tangu asubuhi mpaka imeona haya.

Zuhair: Niko kazini, Dada. Hapa bandarini Port Bell mtandao wenyewe— [mkwaruzo] —mabehewa ya treni yanaingia melini, sisikii kitu.

Shamim: Sogea basi, salio si langu. Ile video ya Baba haifunguki.

Zuhair: Video gani.

Shamim: Usiniulize video gani. Ile uliyomrekodi kitandani, anamwombea dua Sundus. Nikahi ni baada ya Alasiri na mdogo wako kajifungia chumbani, anasema hatoki mpaka amsikie Baba. Wageni wa bwana harusi wamejaa mpaka kwenye ngazi za duka. Kuna shangazi yao mmoja, sambusa ya sita hiyo, na bado anauliza kama tumepika.

Zuhair: Video iko kwenye kompyuta ya sebuleni. Niliiweka mwenyewe.

Shamim: Iko, naiona. Nikiigusa inaniletea duara jekundu lenye msalaba. Mama kachungulia, kauliza nani kaleta kanisa sebuleni.

Zuhair: Rauta imewaka?

Shamim: Imewaka. Taa zote kijani.

Zuhair: Waifai ni ile ile?

Shamim: Neno la siri nilibadilisha. Kichochoro kizima cha Kisenyi kilikuwa kinakula kwetu. Fundi magari wa pale chini alikuwa anaangalia mpira, sisi hata picha ya WhatsApp haifunguki. Nikamfuata nikamwambia, wewe Travis, hata hodi—

Zuhair: Dada. Hiyo haihusu. Bonyeza kulia kwenye faili, angalia ukubwa.

Shamim: Kulia kwa wapi?

Zuhair: Kwa mausi. Kitufe cha kulia.

Shamim: Ngoja... Ami Maftah, pisha kidogo, kiti hicho kina kazi. [sauti za watu] Haya. Imeandika KB mbili.

Zuhair: Ngapi?

Shamim: Mbili. Moja, mbili. ...Zuhair? Umekatika?

Zuhair: Nipo. Video ya dakika arobaini haiwezi kuwa KB mbili. Soma hapo chini palipoandikwa inakotoka.

Shamim: Inakotoka... kuna mistari miwili imelala, halafu ZUHAIR-PC, halafu mstari, halafu Baba.

Zuhair: Basi.

Shamim: Basi nini?

Zuhair: Basi faili haimo humo. Hilo ni jina tu, linaonyesha njia ya kwenda kwenye laptop yangu. Nilipokuwa naishi nyuma pale, laptop ikiwaka mnaifungua sebuleni, mnadhani iko kwenu. Nilidhani nilinakili. Kumbe nilivuta ile njia tu.

Shamim: Miezi minane. Miezi minane tangu tumzike, Mama anapangusa vumbi kwenye hicho kiskrini, anawaambia watu bwana wake yumo humu ndani.

Zuhair: Sikujua.

Shamim: Na laptop iko wapi?

Zuhair: Hapa. Kwenye mkoba.

Shamim: Kwa hiyo umemchukua Baba ukaondoka naye.

Zuhair: Dada, usianze.

Shamim: Sijaanza. Nikianza mimi utajua.

Zuhair: Naipandisha mtandaoni sasa hivi. Ile folda yetu ya familia bado iko?

Shamim: Iko.

Zuhair: Subiri, mwenzangu hapa kazini, Ocira, ananipa hotispoti ya simu yake. [mkwaruzo] ...inakataa. Inasema nafasi imejaa. Mmejaza nini humo?

Shamim: Vitu vya kawaida.

Zuhair: Video mia mbili na kumi za Sundus anajaribu hina? Na hii ya Ami Maftah anakata samaki, dakika hamsini?

Shamim: Alikuwa anatufundisha.

Zuhair: Nafuta.

Shamim: Ya samaki futa. Za hina acha. Ah, futa zote, atajipaka tena. Futa haraka, Sheikh kateremka kwenye boda, namuona dirishani.

Zuhair: Inapanda. Asilimia moja.

Shamim: Saa ngapi itafika mia?

Zuhair: Inasema saa nne na dakika kumi.

Shamim: Saa nne za usiku?

Zuhair: Saa nne kutoka sasa. Faili ni giga tatu na—

Shamim: Zuhair, Alasiri ni saa kumi. Sasa hivi ni saa tisa kasoro. Watu hawa nitawalisha nini saa nne nzima? Shangazi yule atakula meza.

Zuhair: Mimi nifanyeje? Mtandao si wa baba yangu.

Shamim: Hapana, si wake.

Zuhair: Asilimia mbili... Haya, imekatika. Behewa limepita katikati yangu na Ocira. Inaanza upya. Inaanza sifuri, Dada. Kitu gani hiki.

Shamim: Sikia. Kata kipande. Ile dua yenyewe ni dakika mbili, tatu. Kata hapo tu, nirushie WhatsApp ya Adyero.

Zuhair: Siwezi.

Shamim: Huwezi kukata video? Wewe uliyekuwa unawakatia watu harusi nzima?

Zuhair: Siwezi kukata hiyo.

Shamim: Kwa nini?

Zuhair: Lazima kwanza niifungue.

Shamim: Ifungue basi. ...Zuhair.

Zuhair: Nipo.

Shamim: Hujawahi kuifungua.

Zuhair: Nilizima kamera, nikamwambia nakwenda zamu mara moja, narudi jioni. Akaniambia haya, na jioni sikumkuta hai. Basi. [mkwaruzo] Na Ami Maftah alivyonisema makaburini mbele ya watu wote, eti nimemwacha mzee kwa ajili ya mabehewa, ulimsikia.

Shamim: Nilimsikia. Kila mtu alimsikia. Unataka nikuambie nini? Mtu mzima yule, mdomo wake hauna mlango. Juzi kamwambia Mama biriani yake ina huzuni.

Zuhair: Si biriani hii.

Shamim: Najua si biriani. [sauti chini] Ngoja nitoke niende koridoni... Sheikh alipita asubuhi, akauliza walii wa kumwozesha Sundus ni nani. Ami Maftah kasimama, kajishika kifua, kasema ni yeye. Sheikh akamwambia, kaka wa bibi harusi yuko hai au hayuko hai? Nyumba nzima ikanigeukia mimi. Nikasema yuko hai, yuko njiani.

Zuhair: Umesema niko njiani?

Shamim: Ningesema nini? Uko Port Bell unahesabu mabehewa?

Zuhair: Dada, hukupaswa—

Shamim: Usinifundishe. Laptop ikiingia humu ndani ikawaka, faili itafunguka sebuleni au haifunguki?

Zuhair: Ikishika waifai, itafunguka. Hapo hapo. Haihitaji kupanda wala kushuka.

Shamim: Sasa tatizo liko wapi?

[honi ya meli]

Zuhair: Sitakaa sebuleni ikichezwa.

Shamim: Hakuna aliyekuambia ukae. Washa laptop, kaa nyuma kwenye chumba chako. Sundus akishamsikia utakuja umshike Sheikh mkono, useme maneno yako, ule, uondoke. Ami Maftah nitamkalisha kwa yule shangazi, wamalizane.

Zuhair: Nina shati la kazi. Lina grisi.

Shamim: Kanzu yako iko nyuma ya mlango. Nimeipiga pasi.

Zuhair: Lini?

Shamim: Jana.

Zuhair: Jana ulikuwa hujui kama video haifunguki.

Shamim: Salio linalia, Zuhair. Adyero kasimama hapa kajishika kiuno.

Zuhair: Dada, jana ulikuwa unajua?

Shamim: Njoo na chaja, betri hiyo naifahamu. Usipite mjini, barabara ya stendi imefungana, pita—

Zuhair: Najua njia ya kwetu. Neno la siri la waifai ni lipi? Nikifika niwashe moja kwa moja, nisisimame kuulizana na watu.

Shamim: Mama ndiye alichagua. Herufi ndogo zote. Z, u, h—

[simu imekatika]

Zuhair: Haloo? Dada? Haloo? ...Ocira, nishikie hiki kitabu cha mabehewa. Na pikipiki yako ina mafuta?